Balozi wa Togwa

Balozi hakuwahi kuwa balozi wa nyumba kumi, wala wa nyumba moja. Alikuwa fundi seremala pale Msamala, Songea, mtu wa vitanda na milango, na cheo hicho alipewa na televisheni. Lakini kwa miaka yote niliyomfahamu sikumsikia mtu akimwita kwa jina lake la ubatizo. Hata paroko, akitangaza zamu za kufanya usafi kanisani, alisoma majina ya wanajumuiya mmoja mmoja, akifika kwake anasema "na Balozi," kisha anaendelea. Hakuna aliyecheka. Lilikuwa jina lake.

Nilikutana naye nikiwa na miaka kumi na saba. Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa na watu wanane, kamera moja, na bwana mmoja tuliyemwita Dairekta, ambaye aliandika, akapiga picha na kugombana na majirani waliopita mbele ya kamera na ndoo zao. Tulikuwa tunarekodi mchezo wa kuchekesha kuhusu mtaa wenye balozi mlevi, anayesuluhisha kesi za watu akiwa na faili kwapani, karatasi zote kichwa chini miguu juu. Mimi niliigiza binti yake, msichana mwenye akili anayemshika baba mkono, kumrudisha nyumbani na kumaliza kesi kwa niaba yake. Kituo kimoja cha Dar es Salaam kikauchukua mchezo wetu, ukawa unaonyeshwa Jumapili jioni. Kuanzia hapo sisi wawili hatukuweza kukatiza sokoni bila kuitwa.

Watu walimpelekea kesi za kweli. Siku moja nilimkuta karakanani kwake, kina mama wawili wamesimama mbele yake wakigombea mpaka wa bustani ya mboga. Alikuwa na randa mkononi.

"Mama zangu, mimi ni seremala," aliwaambia.

"Tunajua. Tuamulie tu."

Akaweka randa chini, akawasikiliza wote wawili mpaka mwisho, hakumkatisha hata mmoja. Kisha akasema, "Mmekula?" Hawakuwa wamekula. "Basi nendeni mkapike. Mkishashiba, mje." Hawakurudi. Alikuwa na imani hiyo, kwamba ugomvi mwingi ni njaa, na hakukubali kujibizana na mtu yeyote kabla ya kumuuliza kama amekula. Dairekta alichukizwa sana na tabia hiyo. Alikuwa akianza kufoka kwamba tumechelewa, Balozi anamuuliza kwa upole kama amepata chai, na hasira yote inakosa pa kwenda.

Nyuma ya kamera alikuwa mtu mkimya. Kwenye mchezo alitukana mtaa mzima, lakini nyumbani sauti yake ilikuwa ya chini mpaka mkewe alimwambia arudie. Na hakuucheka mchezo wetu. Jumapili alisimama dirishani kwa jirani mwenye televisheni, mikono kaifumbata kifuani, ndani watu wanajipigapiga mapaja kwa kicheko, yeye anatikisa kichwa. "Pale nimechelewa kugeuka," ananiambia. "Umeona? Ningegeuka kabla hujaniita." Aliutazama mchezo kama anavyotazama maungio ya kitanda, akitafuta mahali palipoachia.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba hakunywa pombe. Si kwamba alikunywa kidogo, hakuigusa kabisa. Chupa aliyoshika kwenye mchezo ilikuwa na chai ya rangi iliyopoa, ambayo mkewe aliipika asubuhi na kuileta kwenye birika. Kuna mtu wa grosari alimwomba amtengenezee kaunta na mabenchi sita, kazi ya mwezi mzima, akakataa. Nilipomuuliza sababu alisema, "Nimekulia nyumba yenye hayo mambo. Nayajua yanapoanzia."

Ila ufundi wake aliutoa huko. Siku zangu za mwanzo, Dairekta alipotaka na mimi niigize mlevi kwenye kipande kimoja, niliyumba kama mti kwenye upepo. Balozi akanivuta pembeni. "Binti yangu, mlevi hajaribu kuyumba," alisema. "Mlevi anajitahidi kunyooka. Anataka mkewe asijue. Anataka watoto wasijue. Wewe jitahidi kunyooka, halafu ushindwe kidogo tu." Akanionyesha. Alitembea hatua nne kati ya mbao zake, amenyooka, uso mzito wa mtu mwenye heshima zake, na hatua ya tano mguu ukachelewa kufika chini. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye vumbi la msumeno. Baadaye tu nilifikiria alivyokuwa mdogo alipoyaona hayo, na aliyaonea wapi.

Sasa niseme kile ambacho sijawahi kumwambia mtu.

Kulikuwa na sherehe ya kipaimara ya mtoto wa tajiri mmoja wa mahindi. Walituita baada ya misa tuje tuchangamshe watu chini ya maturubai. Balozi alikuja na koti lake la kijivu, faili lake na chupa yake ya chai. Alipoanza, mjomba mmoja wa pale akainuka, akamnyang'anya chupa, akanusa, akapaza sauti: "Jamani, chai! Huyu anatudanganya na chai!" Watu wakazomea. Mjomba akamimina bia kwenye glasi, akamwekea mbele yake. Balozi akanitazama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimevaa gauni jipya, na niliona aibu kuzomewa mbele ya vijana wa rika langu. Nikamwinamia nikasema, "Onja tu, baba. Wasitudharau."

Aliniangalia kwa muda. Kisha akanywa.

Sijui kama angekunywa hata bila mimi. Labda mwaka uliofuata mtu mwingine angemshinda. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Ninachojua ni kwamba alasiri ile alichekesha kuliko siku zote. Watu walilia kwa kucheka, yule mjomba akamkumbatia, na kutoka hapo kila sherehe tuliyokwenda glasi ilikuwa imeshawekwa mezani inamsubiri.

Haikuwa haraka. Kwa mwaka mzima alikunywa kwenye sherehe tu. Halafu baada ya sherehe. Halafu milango ya watu ikaanza kuchelewa, na vitanda vikaanza kutoka na mguu mmoja mfupi. Mkewe hakupiga kelele. Alirudi kwao Mpitimbi na binti yao, Editha, ambaye nimempita mwaka mmoja tu kwa umri, akaanza kulima. Balozi aliwafuata mara mbili akarudi peke yake. Mchezo wenyewe ulikufa baadaye. Dairekta alihamia Dar es Salaam, wengine tukaolewa, mimi nikaenda chuo cha ualimu nikarudi kufundisha shule ya msingi hapo hapo Msamala.

Mke wa Balozi alifia Mpitimbi. Nilikwenda kuzika. Balozi alifika watu wakiwa tayari makaburini, amevaa lile koti la kijivu kwa sababu hakuwa na jingine. Alikuja katikati ya watu amenyooka, uso mzito, akijitahidi. Nilijua anachojaribu. Alitaka Editha asijue. Alipokaribia kaburi mguu ukachelewa, akayumba, akashika msalaba wa mbao asianguke, na nyuma yangu kikundi cha vijana kikapasuka kicheko. Hawakuwa na ubaya. Walimwona Balozi, na Balozi akiyumba mtu hucheka. Walikuwa wamekua wakicheka hivyo kila Jumapili. Mmoja wao aliziba mdomo haraka, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. Editha hakugeuka. Alichukua udongo, akautupa, akafuta mkono kwenye kanga. Miaka mitano hakumtamkia baba yake neno lolote.

Habari za katuni zililetwa na Dairekta kwa simu. Kampuni moja ya huko Dar es Salaam ilitaka kuugeuza mchezo wetu kuwa katuni ya watoto. Mtaa utakuwa ule ule, balozi yule yule na binti yake, ila wote watachorwa. Makaratasi alikuwa ameshayasaini mwenyewe, maana mchezo aliuandika yeye. "Lakini sauti ya Balozi wanaitaka ya mwenyewe," alisema. "Watamtuma mtu Songea. Mwambie ajiandae."

Nilikwenda karakanani kumwambia. Alikuwa amekaa kwenye gogo, hana kazi. Nilipomaliza akauliza, "Ni kipindi cha watoto?"

"Ni cha watoto."

"Basi na wale wa Editha wataona."

Aliacha pombe siku hiyo hiyo. Wiki tatu. Mchana alikuja kibarazani kwangu kunywa uji, mikono inamtetemeka mpaka kikombe kinagonga meno, jasho linamtoka na baridi ya Songea ya mwezi wa sita. Hakulalamika. Alinyoa ndevu, akafua shati jeupe. Jirani mmoja alimwambia amekonda, akajibu kwamba kamera haitamwona, itamsikia tu.

Mtu wa kampuni alikuwa dada mdogo, mpole, mwenye kompyuta na kipaza sauti. Alikodi chumba cha gesti na kuegemeza magodoro kutani ili sauti isirudi. Kwanza alituonyesha michoro. Balozi wa kwenye kompyuta alikuwa mnene, koti la kijani, mashavu kama maandazi.

"Amenona," Balozi alisema.

"Tumemfanya apendeze, mzee. Ni cha watoto."

"Na hiki kibuyu?"

"Togwa tu, si pombe. Watoto hatuwezi kuwaonyesha mlevi. Kwa hiyo yeye anapenda togwa kupita kiasi, akinywa anachangamka, halafu anasinzia kikaoni."

Balozi aliutazama ule mchoro kwa muda mrefu. "Vizuri," alisema. "Hiyo nzuri sana." Na nikaona kwamba anaisema kwa moyo wote.

Kisha akasogea kwenye kipaza sauti. Dada alimpa mistari michache ya kusoma: Balozi amekunywa togwa, anafungua kikao. Balozi akasoma. Sauti ilitoka kama ya mtu anayetangaza msiba. Dada akatabasamu, akamwomba achangamke kidogo. Akasoma tena, kwa nguvu zaidi. Haikuwa ya kuchekesha. Dada akasema, "Mzee, jifikirie umelewalewa." Balozi alifumba macho. Nilimwona akitafuta. Alinyoosha mgongo, akaweka ule uso mzito, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Walijaribu kutoka saa nne mpaka saa saba. Dada hakuwa na haraka, alimletea maji, alimsifu hata pasipo na cha kusifu. Mwisho Balozi mwenyewe ndiye aliyevua vipokea sauti vya masikioni na kuviweka mezani taratibu.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia. "Nimesahau."

Tulitoka tukakaa nje kwenye ngazi za gesti. Nilimwambia ni uchovu tu, watarudia kesho. Akatikisa kichwa kama alivyokuwa akitikisa dirishani kwa jirani.

"Zamani nilikuwa namwiga mtu," alisema. "Yeye yuko kule, mimi niko huku, namwona vizuri. Sasa nikimtafuta simwoni. Nimekaa mahali pake."

Dada alisema watampigia. Hawakumpigia, na sina wa kumlaumu. Sauti waliyoweka ni ya kijana mmoja wa huko Dar es Salaam, nyembamba, ya kupanda na kushuka, na watoto wameipenda. Darasani kwangu, mtoto akisinzia, wenzake humwita Balozi. Mmoja alikuja shuleni na koti la kijani la dada yake. Huwa natabasamu kama walimu wengine. Hawajui kwamba yule binti mwenye nywele za mafundo mawili, anayemshika baba mkono, nilikuwa mimi, na sijawaambia.

Katuni ilipokuwa imeanza kuonyeshwa, Balozi aliniomba nimsindikize Mpitimbi. Alitengeneza kigoda cha kuwapelekea wajukuu. Miguu haikulingana, lakini alikisugua msasa mpaka kikawa laini kama sabuni. Alikuwa hajanywa siku mbili. Editha alitupokea uani, akanisalimia, kisha akageuka. "Shikamoo, baba," alisema, kwa sababu alilelewa vizuri. Akatuonyesha mkeka.

Ndani televisheni ndogo ya sola ilikuwa inawaka, na kwenye televisheni alikuwa yeye, mnene, na kibuyu chake. Mjukuu wa kike, wa miaka kama sita, alitoka akakaa kwenye kigoda kipya, akamtazama mgeni.

"Babu, unamjua Balozi?"

Balozi alimwangalia Editha. Editha alikuwa anapukuchua mahindi, hakuinua uso.

"Namwona tu," Balozi alisema. "Kwenye televisheni, kama wewe."

Basi mtoto akamweleza. Balozi anapenda togwa. Balozi anasinzia, halafu anaota yuko kwenye ndege. Balozi hapigi watoto. "Na binti yake anampenda sana," alisema. "Kila siku anamfuata."

Editha aliinuka na ungo wake, akaingia jikoni. Nilimfuata. Alikuwa amesimama tu katikati ya jiko, ungo mkononi.

"Yule binti ni wewe," aliniambia, bila hasira. "Wewe ulikuwa unamrudisha nyumbani kwenye televisheni. Sisi tulikuwa tunamngoja nyumbani kweli."

Nilitaka kumwambia habari ya kipaimara. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikasema, "Pole, dada," nikachukua ungo nikamsaidia kupepeta.

Editha alimruhusu baba yake abaki. Sharti lilikuwa moja na wote tulilijua. Alikaa siku nne. Editha alinisimulia kwa simu kwamba alirekebisha mlango wa banda la kuku, kwamba alikuwa akiitazama katuni na watoto na kuwauliza maswali, kwamba siku ya tatu mtoto alilala mapajani kwake. Asubuhi ya tano hakuwepo. Hakuchukua kitu, hakuaga. "Sitamfuata," Editha alisema. Kisha hakukata simu, na mimi sikuikata.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Jumamosi moja mchana, mwezi uliopita. Karakanani kwake sasa kuna mtu anakaanga chipsi. Ndiye aliyeniambia nimtafute kilabuni, nyuma ya mashine ya kusaga. Nilimkuta amesimama katikati ya mabenchi, wanywaji kama kumi wamemzunguka na vikombe vyao vya pombe ya ulanzi. Alikuwa anaigiza. Nilichukua muda kuelewa anachoigiza. Kilikuwa kipande kimoja cha katuni, ambacho mimi nilikitazama na wanangu: Balozi anahesabu mbuzi wa mtaa, kila akimaliza wanazidi mmoja, kwa sababu anajihesabu na yeye mwenyewe. Alikuwa akijaribu ile sauti nyembamba ya yule kijana wa Dar es Salaam. Koo lake lilikwaruza, likakatika, akakohoa.

"Mzee, siyo hivyo!" kijana mmoja mwenye kofia alimkatisha. "Balozi haongei hivyo. Unamuiga vibaya."

"Mwacheni babu wa watu," mwingine alisema. "Ila kweli hujampata. Balozi sauti yake inapanda."

Hakuna aliyejua. Walikuwa wadogo sana, au wageni, au pombe ilikuwa imewafikisha mahali ambapo hakuna anayemjua mwenzake. Nilingoja awaambie. Balozi aligeuka akaniona mlangoni, na uso wake ukafurahi kwelikweli.

"Huyu ni mwalimu," aliwaambia. "Kwake ana televisheni." Akanijia, akanishika kiganja kwa mikono yake miwili. Ilikuwa baridi na ngumu bado, mikono ya seremala.

"Umekula, baba?" nilimuuliza.

"Baadaye. Hebu nisaidie kwanza. Pale anapofika kwa mbuzi wa mwisho anasemaje? Kule kwa Editha niliishika, sasa imenitoka. Hawa wakicheka wananipa kikombe."

Ningeweza kuwaambia mimi. Niliwatazama wale watu kumi, nikamtazama yeye, anasubiri, shingo kainyoosha kama mwanafunzi. Nikajua nikisema hawataniamini, na wakiniamini itakuwa vibaya zaidi. Nikamwambia anavyosema. Nilimtolea ile sauti nyembamba, mimi mwalimu wa watu, mkoba begani, kilabuni mchana kweupe. Akarudia polepole. Nikamsahihisha kwamba inapanda mwisho, si mwanzo. Akarudia tena. Nikamsahihisha tena.

Kisha akarudi katikati ya mabenchi, akavuta pumzi, akaanza kuhesabu mbuzi upya. Alipofika wa mwisho yule mwenye kofia alicheka kidogo, akamsogezea kikombe.

"Hapo afadhali," alisema. "Hapo unakaribiakaribia."